Nguo Kumi na Nane za Kisaju

Mwanangu Mumbua,

Umefunga mlango wa chumba chako kwa nguvu mpaka kalenda ya jikoni ikaanguka. Nimeiokota, nimeirudisha. Sasa nimeketi hapa mezani na daftari lako la kozi ya ushonaji, lile lenye kurasa nyingi tupu, na ninaandika kwa sababu nikija kugonga utasema umelala, na mimi nitajifanya nimeamini.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume wa Kajiado unakohamia kesho. Hizo nilishazisema mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nataka kujibu swali uliloniuliza tukila.

Uliniuliza, "Mum, kama ni wewe, ungechukua gani?" Nami, macho kwenye sahani, nikakujibu, "Si wewe ndio umesoma? Amua." Ukasema sawa, hutauliza tena. Una haki ya kukasirika. Lile halikuwa jibu, ulikuwa woga tu, na mimi nikiogopa huwa mkali. Baba yako amelijua hilo miaka yote, ndiyo maana huwa anachukua kofia yake na kwenda kutazama kuku.

Najua huna muda. Mwenye kibanda pale karibu na soko la Kajiado anataka neno lako kesho kabla ya saa sita, maana kuna mwingine anakitolea macho. Kibanda hicho, cherehani yangu, na yale marinda unayoyachora mwenyewe, yenye jina lako nyuma ya shingo. Na ile kampuni ya Nairobi nayo inangoja kesho hiyohiyo upige simu useme umekubali kuwa wakala: wanakupa kitabu chao cha picha na namba yako, na kila anayeagiza nguo zao kwa namba hiyo, hata akiwa mbele ya kompyuta ya kukodi kwenye saiba ambayo hujawahi kuiona, wewe unapata kamisheni. Kampuni haitaki wakala mwenye duka lake. Ukishika moja umeachilia nyingine.

Lakini swali silo lililoniuma. Kilichoniuma ni neno ulilosema baadaye, ukiosha vyombo. Ulisema, "Poa ya hii ya kampuni ni moja, Mum. Nguo ikiwa na shida, mtu anapigia kampuni. Hakuna mtu atakuja kunigongea mlango." Ukaendelea kusugua sufuria kana kwamba hujasema kitu. Mimi nilibaki na kitambaa cha kupangusia mkononi. Wewe hukuzaliwa ukiogopa mlango kugongwa. Nilikufundisha mimi, na ninajua hata siku.

Nianze na kamisheni, kwa sababu unadhani ni kitu kilichokuja juzi na kompyuta. Mimi nilikuwa wakala kabla hujajua kutembea. Mama mmoja wa duka la jumla Nairobi alikuwa ananipa marinda na blauzi bila malipo, nazunguka nazo siku za soko, Isinya, Kisaju, mpaka Kajiado. Nikiuza nachukua fungu langu, zisipouzwa namrudishia. Wewe ulikuwa mgongoni, na akina mama walikuwa wakinunua huku wamekushika miguu, wakisema mtoto wa Mkamba ni mzito kama jiwe la kusagia. Sitakudanganya, ilikuwa kazi nzuri. Sikulipa kodi ya kibanda. Sikukosa usingizi kwa sababu ya kitambaa kilichobaki. Mvua ikinyesha nilifunga furushi nikaenda nyumbani.

Halafu zikaja blauzi nyekundu. Niliwaambia akina mama wa Isinya kwamba hazichuji rangi. Sikuwa nimefua hata moja. Niliambiwa hazichuji, nami nikasema hazichuji, na nilisema vizuri kwa sababu mdomo Mungu alinipa. Baada ya wiki mbili mwanamke mmoja alinifuata sokoni na nguo za ubatizo za mtoto wake, zilizokuwa nyeupe. Alizifua pamoja na blauzi yangu. Nikamwambia upesi, "Si mimi nilishona, mama. Hizo ni za Nairobi." Akasema, "Huyo wa Nairobi mimi simjui. Mimi niko na wewe tu."

Kwa hivyo hilo la kupigia kampuni, mwanangu, ni nusu ya hadithi. Watapiga simu, watawekwa kwenye laini wangoje, kisha watakutafuta wewe, maana walinunua kwa sababu ya uso wako.

Na kuna lingine. Mwaka wa tatu yule mama wa jumla alinunua pikapu. Akamtuma binti wa dada yake kwa wateja walewale, nyumba kwa nyumba, na daftari la majina ambalo nilikuwa nimempa mwenyewe nikijisifu. Nilipofika Kajiado soko lililofuata, wote walikuwa wamevaa vipya. Nililia njia nzima. Lakini hakuniibia kitu. Nguo zilikuwa zake tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.

Ndipo nikasema potelea mbali, nitakuwa na changu. Unakikumbuka kile kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga, hapa Kitengela. Ulikuwa unalala chini ya meza ya kukatia, kwenye vipande vya nguo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimewahi kuwa nayo. Mtu akipita amevaa sketi yangu nilikuwa namfuata kwa macho mpaka anapotelea kwenye vumbi, nikiangalia kama pindo limekaa sawa.

Sasa nikuambie jambo la mafundi ambalo hawakukufundisha kwenye kozi. Mteja akileta kitambaa, fundi aliyezidiwa na kazi hamwambii, "Nimejaa, nenda kwa mwingine." Anampima, anamwambia, "Njoo Ijumaa," na kabla mteja hajavuka barabara, anachukua mkasi anakikata kile kitambaa. Hajaanza kushona, na huenda hataanza kwa wiki mbili. Anakata tu, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakiendi kwa fundi mwingine. Mteja atakuja Ijumaa, atakuja Jumatatu, atatukana mpaka mate yamkauke, lakini atarudi, maana nguo yake ni vipande ndani ya mfuko wako. Niliwaona wenzangu wakifanya hivyo, nami nikafanya. Nilijiona mjanja sana.

Disemba ile ulikuwa na miaka tisa. Mama Naisiae wa Kisaju alikuwa anaoza binti yake, harusi ya kanisani, na akina mama kumi na wanane wa upande wake walitaka sare za aina moja, kitambaa cha zambarau. Alikileta kitambaa chote yeye mwenyewe, na wanawake wote wakaja kupimwa siku moja. Kibanda kilijaa shanga na vicheko. Tatizo ni kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nimekubali kushona sare za shule za Januari, na nilijua, Mumbua, nilijua nikiwa nimeshika tepu mkononi, kwamba siwezi kumaliza zote. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu, nimejaa. Badala yake, walipoondoka tu, nikapanga kitambaa tabaka juu ya tabaka na nikakikata chote alasiri ileile. Nguo kumi na nane.

Wiki mbili kabla ya harusi Mama Naisiae alipita. Aliona mifuko haijaguswa. Akasema kwa upole, "Mama Mumbua, kama kazi ni mingi, si unipatie nusu nipelekee fundi wa Kajiado?" Nikamwambia, "Haiwezekani, nishakata. Lakini usijali, Ijumaa ya kuamkia harusi utapata zote." Mlango alinifungulia yeye mwenyewe, mimi nikaufunga. Nafikiri hapo ndipo niliharibu kila kitu. Sikuharibu kwa kushindwa na kazi, kwa sababu kila fundi hushindwa siku moja. Niliharibu kwa kumzuia mtu asijiokoe.

Ijumaa ilipofika nilikuwa nimemaliza tano. Sikuenda kibandani. Nilibaki nyumbani, katika vile vyumba viwili tulivyopanga wakati ule, nikitumaini kwamba hawapajui. Saa kumi nikamwona Mama Naisiae dirishani anakuja na wanawake wawili, ana kibuyu mkononi. Hukuwa umeona hofu yangu mpaka siku hiyo. Nilikushika mabega nikakuambia, "Sema mama hayuko. Sema ameenda Mwala kwa mazishi. Sema susu amekufa." Susu wako, nyanya yako huyo, alikuwa hai kabisa, yuko shambani Mwala anapalilia kunde. Ukauliza, "Susu amekufa?" Nikakuambia, "Wee sema tu!" Nikaingia nyuma ya pazia la chumbani.

Nilisikia ukisema. Ulisema yote, kwa mpangilio, kama shairi la Jumapili. Nikasikia Mama Naisiae akisema, "Pole, mtoto wangu. Pole sana." Halafu akasema, "Shika haya maziwa. Wageni wa matanga wakikuja, mama awapikie chai." Ukashukuru. Ukafunga mlango. Ukaja nyuma ya pazia umekumbatia kile kibuyu kwa mikono miwili.

Tulipika chai na maziwa yale. Hayo nayo niyaandike. Baba yako alikunywa vikombe viwili na akasifu. Wewe ulisema tumbo linauma, na tangu siku hiyo hunywi chai ya maziwa, ni turungi tu. Watu wakikucheka kwamba unakunywa chai ya maskini, nami huwa nacheka nao. Mumbua, huwa nacheka na ninajua.

Harusi ilikuwa kesho yake. Wanawake watano walivaa zambarau na kumi na watatu walivaa walichopata, na habari ikatembea barabara nzima mpaka Namanga. Kufikia Machi nilikuwa nashona viraka. Nikawaambia watu wa kanisa, na baba yako, na wewe, kwamba stima ilipotea wiki nzima na cherehani ya umeme ikalala bure. Baba yako mpaka leo akiona taa inazimika husema, "Hawa wa stima ndio walimalizia mama yako duka." Nami nanyamaza. Susu wako aliishi miaka mingine minne, na kila nilipokwenda Mwala nilikuwa namwogopa, kana kwamba ndiye aliyekuwa na kosa kwa kuendelea kupumua.

Kwa hiyo wewe ulikua ukiamini mambo mawili. La kwanza, kwamba kuwa na duka lako ni kukaa ukingoja stima ikuue. Hilo ni uongo wangu. La pili hukuambiwa na mtu, ulijionea mwenyewe: kwamba mwenye duka hujificha na mtoto wake husimama mlangoni. Hilo ni kweli, lilitokea, lakini halikuletwa na duka. Nililileta mimi na mkasi wangu.

Sasa jibu la swali lako. Ningechukua kibanda.

Nasema hivyo huku ninaogopa, na usidhani nadharau kamisheni. Baada ya duka kufa nilirudi kubeba furushi la watu, na ni furushi hilo lililokulipia shule mpaka ukamaliza. Siwezi kulitukana. Ila jana ulipokwenda kukata nywele niliyatoa yale marinda yako kwenye sanduku nikayageuza ndani nje. Ndani ni safi kuliko nje. Sijawahi kushona hivyo maishani mwangu, hata nikiwa na muda. Mtu anayeshona hivyo akikaa kusifu nguo ambazo hajui zilishonwa na nani, ataugua. Hayo ni maoni ya mwanamke aliyefunga duka, yapime hivyo. Huenda kampuni ni nzuri. Huenda ukaunganisha mtaji miaka miwili kisha ukafungua kikubwa kuliko kibanda. Ukipiga hesabu ukaona hivyo, piga simu ukubali, na mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza, hata kama picha zao zimejaa wasichana wembamba wasio na njaa.

Ninachokuomba ni kimoja. Usichague kampuni ili kukimbia mlango ule. Na ukichukua kibanda, mtu akija na kazi usiyoiweza, mwambie umejaa, mwambie kabla hujagusa mkasi. Ataondoka. Utaumia kumwona akiondoka na kitambaa chake kwapani. Mwache aende.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niwe mkali leo. Asubuhi nilikuambia naenda posho mill. Ulishangaa nimerudi saa tisa bila unga, ukanung'unika kwamba siku yako ya mwisho nyumbani nimekuachia kupakia peke yako. Nilikuwa Kisaju.

Sikujua kama Mama Naisiae bado yuko hai. Nilikuta yuko uani anatoboa tundu kwenye ngozi, amezeeka, macho ni yaleyale. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Supa, Mama Naisiae." Akaitikia, "Ipa," kisha akaniangalia kutoka viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Wewe ni ule fundi," akasema. "Nilijua utakuja. Lakini nilifikiria utakuja mapema kidogo."

Alinipa kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka, nikasema tu, "Siku ile nilikuwa ndani."

"Najua," akasema. "Niliona miguu yako chini ya pazia. Ulikuwa umevaa slipas ya kijani."

Mumbua, miaka kumi na miwili. Nikamuuliza kwa nini hakuingia, kwa nini hakunitoa nje kwa nywele mbele ya majirani. Ningestahili.

"Nikutoe na huyo mtoto amesimama hapo? Alikuwa anatetemeka mpaka meno inagongana. Akijua nimejua, angebaki aje?"

Nikamuuliza, "Na maziwa?"

"Hiyo nilikuwa nimekuletea wewe, ya asante kwa nguo. Sasa nikaona, wacha nipatie yeye. Ndio aone nimeamini. Ndio afunge mlango apumzike." Akarudi kwenye ngozi yake. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Nguo zilinikasirisha mwaka moja, nikasahau. Huyo mtoto sikusahau. Yeye iko wapi?"

Nikamwambia uko mzima, umesomea kushona, kesho unahamia Kajiado. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mwambie hakunidanganya hata kidogo."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa sita mchana, na nimeshindwa kuyasema kwa mdomo tukila, nikakupigia kelele badala yake. Hukumdanganya mtu, mwanangu. Umebeba uongo ambao haukumfikia hata mmoja. Mwanamke niliyemkosea alifika pale akaona mtoto, akajitia mjinga ili mtoto yule apumue. Mama yako alikuwa hatua tatu nyuma yako, anakusikia ukitetemeka, na akakuacha usimame.

Nisamehe. Mlango ule nilipaswa kuufungua mimi.

Mama yako